Ukuta wa Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alikufa kabla sijamjua mume wetu, lakini hakuhama. Yupo ukutani. Siku zile ungekuja kwangu ungekutana naye kabla hujabisha hodi: nyumba ya matofali mekundu ya kuchoma, haina plasta wala rangi, na kila tofali lina kishimo kimoja upande wa nje. Ni alama ya kidole gumba, na kidole ni chake.

Alikuwa akifyatua matofali. Pale kiwanjani kwao wafyatuaji wengi huchoma kwenye tanuri moja, kwa hiyo kila mmoja huweka alama yake ubavuni mwa tofali likiwa bado bichi, ili tanuri likifunguliwa mtu asije akadai jasho la mwenzake. Mmoja huchora msalaba, mwingine hupiga mstari kwa kijiti. Yeye alibonyeza kidole. Mwashi mwenye akili zake huigeuzia alama hiyo ndani, ukuta ubaki safi. Sasa mume wangu ni mwashi, tena mafundi wenzake wanamwita Timazi, kwa ile kamba yenye chuma ya kupimia ukuta kama umesimama wima, maana hajawahi kujenga kitu kikapinda. Timazi huyo huyo alizigeuza alama zote nje. Zote! Hayo si mambo ya bahati mbaya.

Na watu waliupenda ukuta huo, ndicho kilichoniua. Wapita njia hupunguza mwendo. Wateja wangu wakija kupimwa gauni, maana mimi ni fundi cherehani, huanza kwanza na ukuta. Wanatia vidole vyao mle vishimoni na kutikisa vichwa. "Jamani, dada huyu alikuwa na mkono!" Na mimi nimesimama pale pale mlangoni, tepu shingoni. Nimewashonea gauni zinazowatoa viuno ambavyo Mungu hakuwapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nina mkono.

Niseme kweli, ukuta ulikuwa mzuri. Jua la asubuhi likiupiga unaona rangi zake: tofali lililokaa karibu na moto limeiva mpaka limekuwa jeusi kidogo kama sukari iliyoungua, lililokaa mbali ni la chungwa, na yaliyobaki yako katikati, hakuna mawili yanayofanana. Mvua ikinyesha unanukia. Jioni unabaki na joto la mchana, na ukiuegemea unakukanda mgongo. Nimeuegemea mara nyingi wakati hakuna anayeniona. Kisha naondoka nimekasirika, kwa sababu hata mgongo wangu amenikanda yeye.

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Uongo mtupu. Mimi nilinenepa.

Marehemu aliacha binti mmoja, bado yuko shule ya msingi. Ananiita mama mdogo, na ndivyo inavyotakiwa, sina neno. Neno ninalo kwenye salamu. Kila akitoka shule, kabla hajavua mkoba, huenda kwenye tofali lililo kando ya mlango, usawa wa bega lake, hutia kidole gumba kwenye kishimo na kusema, "Mama, nimerudi." Halafu ndiyo anageuka. "Shikamoo, mama mdogo." Mimi niliyempikia, niliyemsuka, niliyemshonea hiyo sare aliyovaa, nasalimiwa baada ya tofali.

Si kwamba mume wangu alikuwa haoni. Alipoamua kuniongezea chumba cha cherehani ubavuni mwa nyumba, alinifuata asubuhi moja akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mke wangu, twende kiwanjani. Matofali bado mabichi. Ukabonyeze na wewe."

"Nikabonyeze nini?"

"Kidole chako. Chumba chako, alama yako."

"Mimi si mtu wa matope," nikamwambia. "Mikono hii inashika hariri. Na sitaki kurithi michezo ya mtu."

Alinitazama, akavaa kofia, akaenda peke yake. Matofali ya chumba changu yakaja laini, hayana hata mkwaruzo. Akayajenga yakasimama wima kama desturi yake. Siku niliyoingiza cherehani mle ndani nilinuna mpaka usiku, na alipouliza kulikoni sikumjibu. Ningemjibu nini? Kwamba nimekasirika kwa sababu matofali yangu hayana alama?

Hapo ndipo nilipoona dawa ni moja, plasta. Timazi alikuwa amepata kazi ya kujenga bohari mbali na kwetu, anarudi mwisho wa wiki tu. Nikamwita fundi plasta, mtu mwembamba mwenye saruji mpaka kwenye kope.

Aliutazama ukuta wa mbele, akaweka ndoo zake chini taratibu.

"Mama, ukuta kama huu mtu anaufunika kweli?"

"Nimekuita upake, sijakuita unishauri."

"Timazi anajua?"

"Kwani hapa si kwangu?"

Akaona swali lenyewe lina miiba. Akapitisha kiganja juu ya matofali, na uso wake ukachangamka. "Basi itashika vizuri sana. Kuta laini zinanisumbua, mpaka nizichokoe kwa patasi ndiyo plasta ipate pa kushikilia. Hii ina vishimo tayari. Aliyeyafyatua haya kanirahisishia kazi."

Hata kumfunika, mpaka anisaidie! Nilitaka kumfukuza yule bwana na ndoo zake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwambia aanze.

Nikaweka kiti kivulini, nikakaa nikitazama. Alikuwa akichota kwa mwiko, anarusha, anavuta kwa ubao, na kila alipovuta, vishimo kadhaa vilipotea. Sitadanganya, nilisikia raha. Nilijihisi kama mtu aliyekuwa akilala na wageni chumbani na sasa wageni wameaga. Kishimo cha kando ya mlango alikifikia mwisho. Nikainuka kidogo kwenye kiti ili nione vizuri kinavyozibwa. Alipomaliza, ukuta wangu ulikuwa wa kijivu kama kuta zote za mtaa.

Fundi alikuwa anakosha vifaa vyake binti aliporudi. Alisimama njiani na mkoba mgongoni.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mama."

"Yupo hapo hapo, chini yake," fundi plasta akadakia kwa kiherehere chake. "Hajaenda popote."

Nilimtolea jicho. Binti hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya. Alikwenda kando ya mlango, akajipima kwa bega kama anayetafuta swichi gizani, akapata pale alipopataka. Akabonyeza kidole gumba kwenye plasta mbichi, mpaka kikazama.

"Wewe mtoto!" Fundi akaruka na mwiko wake aje kusawazisha.

"Acha," nikasema.

"Lakini mama, nimeshamalizia..."

"Nimesema acha!"

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Binti alikitoa kidole, akakipangusa kwenye sketi niliyomshonea mimi, akakitazama kishimo chake kipya. Kisha akanitazama mimi.

"Mama mdogo, na wewe weka. Hapa, karibu na changu."

Plasta ilikuwa bado inang'aa maji. Mkono wangu ulikuwa huru, sina sindano wala mkasi. Fundi alikuwa ananiangalia, na wapita njia wawili walikuwa wamesimama, na mimi ndiye niliyeleta plasta ili kuvimaliza vidole ukutani.

"Mimi si mtu wa matope," nikasema, nikaingia kwenye cherehani yangu.

Alasiri ile uzi ulikatika nikaunga, ukakatika nikaunga. Nilishona mkono wa gauni kinyume, nikaufumua. Binti alikuwa jikoni akifanya kazi za shule. Shikamoo yangu hakunipa siku hiyo, si ya kwanza wala ya pili, na sikumdai. Jua lilipoanza kushuka nikatoka nje, nikajifanya naanua nguo. Nikasimama karibu na kile kishimo kidogo, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikabonyeza.

Plasta ilikuwa imeshakauka. Nikabonyeza tena, safari hii kwa uzito wangu wote niliounenepea, nikasaga kidole huku na huku. Haikuingia hata ukucha. Watu walipita nyuma yangu kwa mwendo wao wa kawaida, maana ukuta wa kijivu hauna cha kumsimamisha mtu.

Timazi alirudi kabla ya wakati wake, kesho yake mchana. Habari za namna hiyo zina miguu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote: kwamba na mimi ni mke, kwamba siwezi kuolewa na mume na tanuri lake. Nikamsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

Aliweka mfuko wa vifaa chini. Hakufoka. Alipitisha kiganja ukutani polepole, kuanzia pembeni, kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine, mpaka akafika kando ya mlango, akakipata kishimo. Akainama. Akajaribu kutia kidole chake, hakikuenea.

"Cha binti," akasema.

"Cha binti."

Akatikisa kichwa kukubali. Lakini kiganja hakukiondoa. Akapapasa kulia kwa kishimo, akapapasa kushoto, akapapasa juu yake, usawa wa bega langu.

"Unatafuta nini?" nikauliza kwa ukali.

"Chako kiko wapi?"

 Nikakunja ngumi na kidole gumba nikakificha ndani, kwa sababu ngozi yake ilikuwa bado imechubuka.