Mabuti ya Stanislas

Ukipita mbele ya duka la misumari la Grégoire, pale Kadutu, jua kwamba atakuangalia miguu kabla hajakuangalia uso. Kama mabuti yako yamekauka, utasemwa. Kama uliyaanika juani baada ya mvua, utasemwa mpaka majirani waone haya kwa niaba yako.

"Jua haikaushake ngozi, inaiua. Jaza magazeti ndani, weka kwa kivuli, ungojee. Unakimbilia wapi?"

Ushauri wake ulikuwa wa bure, na hakuna aliyefanikiwa kuukwepa. Mabuti hununuliwa jioni, alisema, miguu ikiwa imevimba kwa kupanda vilima vya Bukavu. Anayenunua asubuhi atajuta kabla ya Jumapili. Ingiza pua ndani: ukisikia gundi tupu, rudisha. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo, maana ngozi nayo huchoka. Watu walimcheka, kisha wakarudi nyumbani kufanya alivyosema.

Asubuhi moja Destin, dereva wa pikipiki ya abiria, aliketi kwenye benchi la duka akavua mabuti yake.

"Papa Grégoire, nilinunua aya mu mitumba. Maji inaingia kidogo huku pembeni. Niweke sirage ya kung'arisha ao mafuta?"

Grégoire aliyapokea kwa mikono miwili, kama kawaida yake, akayapindua. Soli ilikuwa ya tairi la lori. Mshono wa pembeni ulikuwa wa uzi wa kijani.

Mshono ule ulikuwa wake. Siku ile uzi mweusi ulimwishia, akadai kijani kitafichwa na matope, na kaka yake Stanislas akamtania kwa majuma. Aliingiza mkono ndani ya buti la kushoto, akapapasa mahali alipoitanua ngozi kwa ajili ya kidole gumba cha Stanislas kilichopinda. Hapakuwa na shaka tena. Na Stanislas alizikwa msimu wa mvua uliopita akiwa na mabuti haya haya miguuni. Grégoire mwenyewe ndiye aliyemvika.

"Papa, kuko nini?" aliuliza Destin.

Grégoire aliendelea kuyapindua mabuti.

Mjini siku hizi wezi hufukua makaburi mapya. Hutafuta jeneza, suti, viatu, chochote cha kuuza. Ndiyo maana familia huharibu vitu kabla ya kumlaza mtu wao: suti hupasuliwa mgongoni, viatu hukatwa kwa wembe, ili mwizi asione faida. Kwa Stanislas, kazi ya suti ilifanywa na shangazi. Ya mabuti alipewa Grégoire, kwa kuwa ni ndugu na kwa kuwa ni bingwa wa mabuti. Walimwachia wembe, wakatoka chumbani. Aliugusisha kwenye ngozi. Ilikuwa laini, imeshiba mafuta ya ng'ombe na nta aliyoipaka kwa miaka, inang'aa. Mkono ukagoma. Akafunga kamba vizuri, akashusha suruali ikafunika, akatoka akawaambia kazi imekwisha.

Sasa alielewa alichokuwa amefanya. Walimfukua Stanislas. Walimshika miguu wakamvuta, wakamtupa huko kwenye udongo, na yote hayo kwa sababu ya uzuri wa kiatu. Wazo la kunyamaza lilimjia, akalichukia. Kama kaburi lilikuwa wazi, lazima lifungwe, na mjane lazima aambiwe.

"Nipeleke mutaa wa Panzi," alisema. "Kwa Virginie, muke wa kaka yangu. Sasa hivi."

Destin akaendesha na soksi. Grégoire alikaa nyuma akiwa ameyakumbatia mabuti kifuani.

Virginie alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya mihogo. Grégoire akaweka mabuti mbele yake chini.

"Virginie, bezi balifungua kaburi ya Stanislas. Ni juu yangu. Niliwadanganya. Sikukata."

Virginie aliyatazama mabuti. Hakulia wala hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Grégoire zaidi. Vidole vyake viliendelea na majani.

"Najua haukukata," alisema. "Na bezi hawakufika. Mi ndiye nilitoa ayo mabuti."

Grégoire aliyaokota mabuti, akayaweka tena chini.

"Ulipotoka mu chumba, niliingia kumuaga mume wangu. Nikainua suruali. Nikayaona yanaangaza. Nikamuvua, nikamufunika miguu na kitenge yangu. Alienda na soksi, shemeki."

"Haukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unalia kuliko batu bote. Na mi nilikuwa na hasira. Nilijiambia, uyu anajua bezi banakuyaka kufukua, na bado anahurumia ngozi." Akatupa shina la sombe pembeni. "Niliyaweka chini ya kitanda. Harufu ya mafuta yako ikanikatalia usingizi. Nikayauzisha."

Kwa hiyo kaburi lilikuwa salama. Grégoire alingoja kufurahi, furaha haikuja. Alimpenda kaka yake. Kama ungemuuliza jana, angekuapia. Lakini pale chumbani palikuwa na miguu ya kaka yake na ngozi ya ng'ombe, na alichokihurumia kilikuwa ngozi. Virginie aliliona hilo mara moja, na akalibeba peke yake muda wote huu. Grégoire akaketi kwenye kizingiti.

Destin alikuwa amesimama uani, soksi zimelowa matope, macho yamemtoka.

"Kumbe aya ni ya maiti?"

"Ni ya mume wangu," alisema Virginie. "Alikuwa anatembea nayo. Kama unaogopa, acha."

Destin alifikiri kidogo, akainama akayachukua. Akamgeukia Grégoire, akauliza kwa sauti ya chini.

"Sasa Papa, sirage ao mafuta?"

Grégoire alipitisha kidole kwenye mshono wa kijani. Uso wa Virginie hakuweza kuuangalia.

"Mafuta," alisema. "Kidogo tu, na kitambaa kikavu. Mu mushono tia nta. Na siku ukikufa, Destin, bale ba kwenu basimupatie wembe mutu anayependa mabuti."