Kioo Juu ya Ufa

Kioo kilikuwa kizima, tena kinang'aa, na hilo ndilo lililonitia shaka. Miezi minne ya mvua tangu nikiweke, manyunyu ya maporomoko yakikipiga mchana kutwa, na hakikuwa na hata doa la ukungu.

Nilikigandisha mwenyewe, mimi mpimaji wa miamba, kwa saruji, kikikatiza ufa wa mwamba ambapo wageni wa hifadhi walisimama kupiga picha. Mwamba ukisogea, kioo kinapasuka. Jiwe la juu pale ni jeusi na gumu. Chini yake kuna majivu ya volkano ya kale, laini. Maji yanayoanguka mita mia na arobaini huyalamba bila haraka, mpaka jiwe la juu linabaki linaning'inia.

"Nani amegusa hiki?"

Mjomba wangu, aliyeongoza wageni pale kwa miaka thelathini, alicheka. "Bibi Mawe, nishukuru. Nyani wamekivunja mara tatu, na kila mara nimekuwekea kipya. Ningekuacha uaibike kwa mabosi wako?"

"Uliwaona hao nyani?"

Alijikuna kidevu. "Sasa nani mwingine avunje?"

Nyuma yetu wanafunzi walikuwa wameshapanga mstari, wakisukumana nani atangulie. Nilifunga njia kwa kamba yangu ya kupimia.

"Unanidhalilisha mbele ya watoto wa watu," alininong'oneza.

"Ni mwamba, mjomba. Umesogea mara tatu. Njoo huku."

Alikuja, mguu baada ya mguu, kama mtu anayehamishwa nyumbani kwake. Mwamba ule siku hizi haupo. Ulianguka mwaka uliofuata, asubuhi isiyo na wageni.

Jioni ile niliandika ripoti. Kanuni ya hifadhi haikuwa na mzaha: anayechezea kipimo hana kazi. Na huyu ndiye aliyenibeba mabegani nikayaona maporomoko yale kwa mara ya kwanza. Niliandika kwamba kioo kilivunjika mara tatu kikabadilishwa. Na nani, sikuandika. Kesho yake nilimkabidhi karatasi azipeleke kwa mkuu wa hifadhi, kama alivyozoea.

Nakala ilinirudia ikiwa na muhuri. Pembeni mwa sentensi yangu, kwa mwandiko wake mpana wa kalamu ya bluu: "Ni mimi, mwongoza wageni." Chini yake aliorodhesha siku zote tatu alizokikuta kimevunjika, kila moja na tarehe yake.

Nikazipigia hesabu tangu siku nilipokiweka. Kila pengo lilikuwa fupi kuliko lililotangulia.