Miche Iliyokwenda Likizo Kinole

Nimebangua korosho Newala, nimepasua mbao Mufindi, na siku ambayo sikufanya kazi sikula. Kwa hiyo Bartholomeo alipofika Kinole tarehe ishirini na tatu Desemba, akasema chuo cha kilimo anakofanyia kazi kimefungwa hadi tarehe mbili na mshahara unaendelea, nilimsogelea.

"Yaani unalipwa umelala?"

"Ndiyo, mzee. Likizo ya Krismasi na mwaka mpya. Wamebaki walinzi tu getini."

"Na ukiamka?"

"Hata ukiamka."

Mama yake, Yuliana, ambaye nammenyea mdalasini na kulala kwake, alicheka. "Mwache mtani wangu Mnyamwezi. Miguu yake haijapata likizo tangu azaliwe."

Bartholomeo alikuja na boksi lenye matundu. Akaliweka kivulini nyuma ya jiko, akanikataza kuuliza. Nikachungulia. Miche ishirini na minne ya pilipili manga, kila mmoja kwenye kiriba chake, na kibao cha namba.

Alichonificha siku ile nawaambia sasa. Yeye ndiye mtunza kitalu, na chuo kilikuwa kinapima ni mche upi utahimili ugonjwa wa kuoza mizizi. Watu wote walipewa likizo, hakuna aliyekumbuka nani atamwagilia. Akaibeba bila ruhusa. Ikifa au ikichanganyika, kazi hana.

Asubuhi ya Krismasi alikwenda kuimba kwaya. Yuliana, aliyekuwa amesali misa ya mkesha, akatoka na jembe.

"Mwanangu ana aibu," akaniambia. "Kaleta miche, hasemi. Beba hilo boksi."

Huku mtoto wa mjini akija sikukuu na miche, ameileta kwa ajili ya shamba la ukoo wa mama yake. Hilo haliulizwi. Nikabeba. Yuliana alikuwa anachana viriba, anaipanda kwenye mashina ya mifenesi ili itambae, na vibao anatupa. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, tena kwa shule tatu, na kitu chenye maandishi siwezi kukiacha chini. Kila kibao nilikichomeka kwenye mche wake.

Bartholomeo aliporudi alikaa kwenye tope na shati lake la kwaya.

"Mama, umenimaliza." Akatueleza yote.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Naing'oa sasa hivi."

"Ing'oe, uiue! Mizizi imeshaguswa mara moja."

Akampigia bosi wake, Daktari Janeth. Tulisikia sufuria na watoto.

"Bartholomeo, niko likizo. Na wewe uko likizo. Mambo ya kazi tarehe mbili." Akakata.

Nilikuwa niondoke tarehe ishirini na saba, nipande basi Msamvu kwenda Dumila kupakia vitunguu. Sikuondoka. Ningelalaje Dumila bila kujua? Siku nane Bartholomeo alimwagilia, akaweka matandazo, akafukuza kuku. Sijaona mtu aliyelipwa kupumzika akichoka vile.

Tarehe mbili alfajiri Bartholomeo alimpigia tena, na mchana Daktari Janeth alifika kwa pikipiki, tope hadi magotini. Akapita shina kwa shina akisoma na kuandika. Namba kumi na moja ilikuwa imekufa, ya kumi na saba imenyong'onyea. Mingine imechipua.

"Nani alirudishia vibao?"

Bartholomeo akaninyooshea kidole.

"Shikamoo, mzee. Ulijuaje?"

"Marahaba. Sikujua. Niliona kila mmoja una jina lake."

Akamgeukia Bartholomeo. "Utaandika barua ya maelezo. Kisha utakuwa unapanda mlima kuja huku kila mwezi kuipima." Akamgeukia Yuliana. "Mama, tunaomba ibaki."

"Ibaki," alisema Yuliana. "Lakini aliyepanda ni mimi. Pilipili ni zangu."

"Zako, mama."

Nikaona nami niulize. "Daktari, siku nane nimekaa kutazama miche. Hiyo ilikuwa kazi au likizo?"

Akasema ataniulizia chuoni.

Nasubiri jibu. Ndiyo maana bado niko Kinole.