Jicho la Chini

Sungura alikuwa akiitazama dunia kwa mshazari. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande wa kushoto kama cha mtu anayetega sikio ukutani, na kila alipojaribu kupiga hatua alizunguka, akazunguka tena, mpaka akaanguka pale pale alipoanzia. Jicho la juu lilikuwa jeusi, zima, limejaa woga. Jicho la chini lilikuwa limezibwa na usaha, na kila kichwa kilipoteleza lilisuguana na sakafu. Emérita alikuwa amechuchumaa mbele yake tangu ukungu ulipokuwa bado umevifunika vilima vya Kibabi. Jembe lilimngoja mlangoni. Alijua jambo moja tu: ubaya huu aliufanya yeye, kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuwa amemwokota wiki tatu nyuma, kwenye lundo la mbolea kando ya bustani ya masista, ambako alilima siku mbili kwa juma. Straton, mzee aliyetunza vibanda vya sungura, alikuwa amemtupa hapo angali hai.

“Achana nayo, mama,” Straton alimwambia. “Iko na ukurutu mu masikio. Itaambukiza zingine yote.”

“Lakini iko inapumua, Papa.”

“Hata kuku ya kuchinjwa inapumua kidogo.”

Emérita alimfunga katika upindo wa kikwembe, akapanda naye kilima. Ulikuwa mwaka wa 1953, na nyumba aliyokuwa akiirudia ilikuwa na sauti moja tu, ya moto. Théoneste, mumewe, alikuwa ameteremka Walikale kuchimba madini, na masika mawili yalikuwa yamekwisha kupita. Mara ya kwanza alituma salamu na chumvi kwa wachuuzi waliotoka Ntoto. Mara ya pili alituma salamu bila chumvi. Kisha kimya. Mtoto hawakuwa naye. Asiye na wa kusema naye husema na chungu, lakini chungu hakinyanyui masikio. Sungura alinyanyua, angalau lile la kulia, maana la kushoto lilikuwa limejaa maganda ya kahawia, mazito kama gome la mti, yaliyopandana mpaka ndani.

Mtu wa vilima hivi anajua dawa ya chochote kilichojichimbia katika ngozi: pini. Tangu utotoni Emérita alisifiwa kwa kutoa funza. Miguu ya wadogo zake wote ilipita mapajani mwake, na hakuna aliyelia. Basi akamlaza sungura mapajani, akaipitisha pini motoni, akaanza kuchokoa ganda moja baada ya jingine. Sungura hakutoa sauti. Damu ndiyo iliyosema. Siku ya tatu sikio lilivimba. Siku ya sita shingo ikapinda, na jicho lililoelekea chini likaanza kuoza kwa kukwaruzwa na udongo.

Alimtandikia kuvumwani ya mtini, laini kama sufi, jicho lisikwaruzwe. Haikufaa. Kwa jicho, kila mama alijua dawa nyingine: maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, yatoke kifuani yaingie moja kwa moja jichoni. Hayakingwi kikombeni. Anayechukua maziwa ya mtoto na kwenda nayo, nani ajuaye anakwenda kuyafanyia nini? Na akiwa mwanamke asiye na mtoto, hata swali haliulizwi, jibu limeshatolewa.

Mwenye kunyonyesha alikuwa mmoja tu karibu, Constance wa ng’ambo ya ua wa matete, ambaye tangu miezi minne iliyopita watu wote walimwita Mama Hilaire. Alipojifungua, majirani walikwenda kumwona mtoto, huyu na unga wa mtama, huyu na kibuyu cha pombe ya ndizi. Emérita naye alisaga unga wake, akaufunga, akasimama nao mlangoni. Aliziogopa ndimi: huyu tasa atamtazamaje mtoto wa mwenzake? Akasimama hapo siku hiyo, na siku iliyofuata, hata unga ukaingia wadudu. Tangu hapo yeye na Constance walipishana mtoni kama watu wasiojua lugha moja.

Asubuhi hiyo aliosha kipande cha kitambaa, akakikunja kiganjani, akavuka ua.

“Hodi.”

“Nani?”

“Ni miye. Emérita.”

Kinu kilichokuwa kikitwanga majani ya sombe kikanyamaza.

“Leo njo umejua mulango wangu?” Constance alisema kutoka ndani.

“Niko na shida ya jicho, Mama Hilaire.”

Jicho linaloomba maziwa halinyimwi; desturi hiyo ilikuwa kongwe kuliko ugomvi wowote. Constance alimlaza mtoto mkekani, akaketi, akanyoosha miguu. “Kuja. Lala hapa.”

Emérita alikuwa amepanga kila kitu: maziwa yatakapoingia atajifanya anafuta, kitambaa kiyanywe, akikamulie nyumbani, jichoni mwa sungura. Hakuwa amepanga paja. Hakuwa amepanga joto lake, wala harufu ya moshi na mtoto, wala kile kidole kilichokuja kuinua kope lake taratibu. Tangu Théoneste aondoke, hakuna mkono wa mtu uliokuwa umegusa uso wake.

“Fungua. Usikaze.”

Tone la kwanza likaingia, vuguvugu. La pili. Kisha kidole kikatulia.

“Hii jicho haina kitu,” Constance alisema polepole. “Haina wekundu, haina tongo. Na hiyo kitambaa ni ya nini?”

Emérita akakifumba kitambaa kiganjani.

“Ni ya sungura,” akasema.

“Ya nani?”

“Sungura yangu. Jicho yake iko inaoza.”

Constance alikitazama kitambaa. Kisha akakiondoa kile kichwa pajani pake, kama anayeondoa mzigo wa mtu mwingine. “Maziwa ya mutoto wangu ulitaka kupeleka kwa nyama. Enda kwako, Emérita. Enda mbele ya miye kusema neno mubaya.”

Akaenda. Shavu lake lilikuwa limelowa, na hakujua kiasi gani kilikuwa maziwa.

Siku mbili alichota maji saa ambazo wenzake wako mashambani. Aliingojea habari ile izunguke kilima na kumrudia imeota pembe. Sungura aliacha kula. Emérita alimtia mdomoni majani ya viazi, jani moja, akingoja atafune, kisha jingine. Subira ndiyo mali pekee iliyokuwa haijamwishia. Lakini jioni ya pili alijikuta akitazama mahali nyuma ya nyumba ambapo udongo ulikuwa mwepesi kuchimbika.

Siku ya tatu, Jumapili baada ya misa, mtu alikohoa penye ua. Alikuwa Constance, mtoto mgongoni, mkononi kichupa cha mawese.

“Mugonjwa iko wapi?”

Emérita alimwonyesha kwa kidole. Constance akainama, akaguna.

“Kwanza nikuambie: maziwa sitoi. Maziwa ni ya huyu. Jicho utaosha na maji ya chumvi, uchemushe, upoze. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Na sikio? Nani aliiharibu hivi?”

“Ni miye. Na pini.”

“Na pini!” Constance akaangua kicheko mpaka mtoto akatikisika mgongoni. “Ee Maria! Ulizani ni funza? Sasa chungu ikiunguza bugali, unakwangua kavu?”

“Natia maji kwanza.”

“Njo vile. Hii yote ilale mu mafuta. Leo, kesho, kesho kutwa. Itaanguka yenyewe.”

Kazi hiyo ilitaka kuinama hadi sakafuni, na mtoto mgongoni alikuwa akiteleza. Constance akafungua mbeleko, akamleta mtoto mbele.

“Mushike.”

Mikono ya Emérita ilibaki mapajani.

“Mushike, dada. Haumi.”

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na macho yake hayakupepesa. Constance alimdondoshea sungura mawese ya moto kidogo, akilikanda sikio kwa nje, akasema bila kuinua uso: “Kwa nini haukukuja kumuona?”

“Niliogopa watu watasema ninamutazama mubaya.”

“Walisema haukumutazama kabisa.” Akadondosha tone jingine. “Hiyo haikuumiza watu. Iliumiza miye.”

Emérita alimwangalia mtoto, kwanza kwa kuiba, kisha waziwazi, nyusi, pua, hadi kovu dogo la kucha shavuni, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo.

Constance alirudi mara nne. Halafu msimu wa kupanda maharagwe ukaingia, na mashamba yakammeza kama yalivyommeza kila mtu. Emérita aliendelea peke yake, mawese asubuhi, maji ya chumvi jioni. Maganda yalilainika, yakang’oka moja moja, chini yake ngozi ya waridi ikiwa nyembamba kama jani jipya. Shingo ilinyooka nusu, ikagoma hapo. Jicho la chini lilikauka usaha, likageuka jeupe kote, wala halikuona tena. Wiki ya kwanza alisali lifunguke. Wiki ya tatu alisali sala nyingine, ya shukrani kwa lile moja lililobaki, na maji akaanza kuyachota asubuhi, saa wanayochota wote.

Kutoka Walikale hakukuja neno.

Alasiri moja alikuwa akichambua mbegu mlangoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, njia haionekani hatua kumi. Ghafla sungura akaacha kutafuna. Sikio la kushoto, lile lililokuwa gome, likainuka likitetemeka, likageukia njiani.

Emérita alishusha ungo. Yeye hakusikia kitu. Akalitazama lile sikio, limesimama wima, likingoja kwa niaba yao wote wawili. Kisha akaingia ndani, akatoa kigoda cha pili, ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu Théoneste aondoke, akakifuta vumbi kwa upindo wa kikwembe, akakiweka kando ya kile chake.