Ndoo ya Shukrani

Baba yangu, mzee Melkiadi, angeniuliza, ningemjibu. Mdomo ninao. Hakuniuliza!

Nilimaliza diploma ya ufugaji nyuki mwaka jana, nikarudi kwetu Makere na mizinga minane niliyoipigilia misumari kwa mikono hii. Sita ikaingiwa na nyuki. Baba, kila akitoka kanisani, anawaambia watu, "Maximilla bado anasubiri ajira." Ninasubiri nini, jamani? Kwake kazi ni meza na funguo.

"Babu yako alitoka Burundi akafa hana karatasi ya nchi yoyote," huniambia. "Wewe una uraia, una cheti, halafu unakwenda kuning'inia mitini kama ngedere?"

Jumanne nilikwenda Kasulu kutafuta vyombo vya kuwekea asali. Kurudi, harufu ya moshi ikanipokea njiani. Nikakimbia hadi porini. Mawe, mama yangu wee! Mizinga minne iko wazi, nyeusi kwa masizi, na nyuki wameungua chini rundo zima. Baba alikuwa amerina kwa mienge ya nyasi, kama babu zake. Na masega yalikuwa hayajazibwa nta bado, asali haijaiva. Ilibaki wiki tatu tu!

Nilimkuta uani ananawa.

"Umefanya nini, baba?"

"Nimekupatia kazi. Bwana Felisiani wa Buhigwe amekubali, utakuwa karani ofisini kwake. Nimempelekea ndoo ya shukrani. Kwa mkubwa hatuendi mikono mitupu."

"Asali mbichi?"

"Asali ni asali."

Nililia kwa hasira. Mama akanibembeleza, "Baba ni baba, mwanangu." Sawa, baba ni baba. Na nyuki wangu je?

Nilikuwa nimeapa siendi. Lakini Jumatatu alfajiri nilimkuta baba ananipigia pasi blauzi, yeye ambaye hajawahi kushika pasi. Nikaivaa, nimenuna, nikaenda.

Felisiani hakunikaribisha hata kiti. Ndoo ilikuwa pembeni ya kabati, imefura, povu limemwagika sakafuni.

"Mzee wako kanichakachulia," akasema. "Asali gani inachacha hivi? Katia maji."

Damu ikanichemka. Mimi ninaweza kumgombeza baba yangu. Yeye ni nani?

"Baba yangu hakutia maji. Imerinwa kabla ya kuiva. Ninajua, nyuki ni wangu."

Akacheka. "Basi yaishe. Meza yako ile pale. Asali ikiiva, utaniletea nyingine."

Nikaitazama ile meza. Funguo zilikuwa juu yake.

"Ikiiva utainunua kama watu wengine," nikasema. "Na kazi yako siitaki."

Nikaibeba ndoo yangu. Povu lilinichuruzikia kwenye blauzi njia nzima.

Baba alikuwa uani na jirani wawili, anawasimulia habari za ofisi yangu. Nikaitua ndoo miguuni pake.

"Onja."

Akachovya kidole, akakunja uso.

"Felisiani anasema umetia maji."

Akaruka. "Mimi? Maji? Mimi Melkiadi?"

"Wewe. Na mimi nimekutetea, na kazi nimeikataa. Ungeniuliza, baba! Ungeniuliza tu!"

Jirani wakaaga harakaharaka. Baba akabaki anafuta kidole kwenye suruali, anafuta, anafuta.

"Mizinga yenye nyuki imebaki mingapi?" akauliza mwishowe. Ndilo swali la kwanza kuwahi kuniuliza juu ya kazi yangu.

"Miwili," nikamjibu. "Na usiisogelee."