Utando wa Wanga

Katika zahanati moja nje kidogo ya Majimoto, mwaka 1996, muuguzi Theopista alikuwa amechoshwa na kazi ya kubandua shashi kavu kwenye majeraha ya moto ya watoto. Kila ilipotoka, ilitoka na ngozi mpya. Ndipo alipopika wanga wa muhogo, akaumimina kwenye sinia, ukaganda ukawa utando baridi uliojaa maji. Ulifaa kwa kila jambo isipokuwa kuinuliwa, kwa maana uliraruka kama uji uliopoa.

Tegemeo lake lilikuwa katani. Aliichemsha kwa magadi, akaitwanga hadi kila uzi ukachanika kuwa nywele zisizoonekana vizuri kwa macho, akazianika uani kwa mama mkwe wake, Nyanzala. Zingeushika wanga kama nyasi zinavyoushika udongo wa ukuta. Asubuhi alizikuta laini kuliko alivyotarajia, akajipongeza, akazichanganya.

Daktari Celestin wa wilaya alikuja kutoka Mpanda kuukagua. Utando ukiinuka mzima, angeruhusu ujaribiwe kwa wagonjwa. Aliuinua taratibu. Ulikatika katikati, na vidoleni mwake zikabaki nywele za katani, safi, bila chembe ya wanga.

"Nesi, umenipikia tambi." Akatazama mawingu. "Mvua zikianza, barabara hii haipitiki. Tuonane Mei, kama utakuwa bado na hamu."

Gari lilipoondoka, Theopista alizinusa zile nywele. Zilinuka samli.

Alimkuta Nyanzala akipepeta mchele.

"Mama, ile katani uliigusa?"

"Niliipaka samli. Ilikauka kama mkia wa ng'ombe mfu. Kwetu kamba ya ndama haisokotwi bila samli, itamchuna shingo."

"Haikuwa ya kamba, mama. Wanga haushiki penye mafuta."

"Ungesema. Nyie mliosoma mnaanika vitu bila kusema ni vya nini, halafu mnanuna. Tena ilikuwa samli nzuri."

Utando ule Theopista alikuwa ameueleza hadi ofisi ya wilaya; mwenye ua hakuwahi kumweleza.

Alibandika tena sufuria ya magadi, akarudi zahanati. Mtoto wa jirani alikuwa akisubiri kubadilishiwa shashi. Theopista aliilowesha kwa maji ya chumvi, akashika pembe yake.

"Tulia, mwanangu," alisema.

Mtoto hakutulia.