Wenye Ndevu wa Mnadani

Kaka yangu Ubeid mikono yake ina haraka kuliko akili, na nasema hivi hata akinisikia.

Mama yetu, Bi Hind, alizaliwa baba yake keshafariki. Maisha yake yote alitamani jambo moja, kuuona uso wa baba yake. Aliambiwa tu kwamba zamani Mjerumani mmoja alimchora babu Abdulla, kwa kuwa alikuwa tajiri aliyewachimbia watu visima, kisha picha ikapotelea huko huko kwa Wazungu.

Basi mwaka wa thelathini na nne Ubeid akaenda mnadani mjini, akarudi na hamali kabeba rundo la picha za kale zilizochongwa kwenye shaba na kupigwa chapa. Matajiri na wafadhili watupu, wote ndevu. Yeye shida yake fremu. Dukani kwetu Kariakoo tunauza aya zilizotiwa kioo, na karatasi zile nene zilifaa kukaa nyuma ya aya. Lakini uso wa mtu nyuma ya maneno ya Mungu haufai. Akashika wembe, akakwangua nyuso zote huku anapiga mluzi.

Jioni akapita jirani yetu Isidori, Mchaga muuza kahawa, aliyesomeshwa na mapadri enzi za Mjerumani. Akaokota karatasi moja, akasoma maandishi ya Kijerumani ya chini.

"Abdulla bin Hashil, Bagamoyo. Mfanyabiashara, mchimba visima. Si mzee wenu huyu?"

Yarabi! Nilimrukia Ubeid. "Kilemba hukukiona?"

"Nilidhani Mturuki!"

"Mturuki gani, baradhuli we!"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wetu alikuwa mjukuu kweli, na wembe mkononi.

Mama alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaichukua karatasi. Kilemba kipo, joho lipo, mkono wenye tasbihi upo. Katikati peupe, pamechanikachanika. Akapapapasa pale kwa kidole. Mimi nililia, yeye hakulia.

Akamketisha Ubeid karibu yake. "Mwanangu, usiogope. Waliomjua wote wamekufa. Aliyemwona ni wewe peke yako. Niambie, alikuwaje? Alikuwa anacheka?"

Ubeid akauweka wembe chini. Akanitazama mimi, nami ningemsaidia nini?

"Mama," akasema, "sikumwangalia."